Charles Kettering: Mwalimu wa shule aliyezipangia plagi zamu

KATIKA gereji za Songea, kuanzia Mfaranyaki hadi Msamala, kuna kosa moja ambalo karibu kila fundi wa injini za petroli amewahi kukutana nalo. Gari, mara nyingi Land Rover ya zamani au Toyota Hilux ya miaka ya 1980, limeletwa kwa sababu lilikuwa likikohoa wakati wa mvua. Kifuniko cha distributa kimekutwa na ufa, kimenunuliwa kingine, na waya zote zimechomolewa kwa mkupuo mmoja kisha zikarudishwa kwa kukisia. Ufunguo unapozungushwa, injini inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, kabureta inatema moto, na mwenye gari aliyetaka kufika Mbinga kabla ya giza anaanza kuuliza maswali.

Waya hizo, nne zinazokwenda kwenye plagi na moja ya katikati itokayo kwenye koili, zina zamu yao, na zamu hiyo haina huruma kwa mtu anayekisia. Mfumo unaoitumia huitwa na wahandisi duniani kwa jina la mtu mmoja, Charles Franklin Kettering, Mmarekani aliyefariki mwaka 1958 akiwa na umri wa miaka 82. Jina lake halitajwi sana hapa nchini, ingawa kwa miongo mingi hakuna gari la petroli lililopanda milima ya Matogoro au kuvuka mto Ruvuma bila kutegemea alichokifanya. Wala hakuna aliyevuta moshi wa magari hayo bila kuguswa na jambo jingine alilolifanya, ambalo sifa zake ni za aina tofauti kabisa.

Kettering alizaliwa Agosti 29, 1876, katika shamba karibu na mji mdogo wa Loudonville, jimbo la Ohio. Alikuwa na macho mabovu tangu utotoni. Mwanga ulimwumiza, na kusoma kwa muda mrefu kulimletea maumivu ya kichwa yasiyovumilika. Kijana wa namna hiyo kwa kawaida angebaki shambani. Yeye alikuwa mwalimu wa shule za vijijini, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Ohio State kusomea uhandisi. Macho yakamshinda, akaacha masomo, akaenda kufanya kazi ya kuchimba mashimo ya nguzo na kuvuta nyaya za simu katika eneo la Ashland. Pengine huo ndio uliokuwa chuo chake cha kwanza cha kweli, kwa maana ndipo alipojifunza umeme kwa mikono, akiwa juu ya nguzo, kabla hajaumaliza vitabuni. Huko Ashland alikutana pia na Olive Williams, ambaye alimwoa mwaka 1905.

Aliporudi chuoni, wenzake walimsomea vitabu kwa sauti naye akasikiliza. Alihitimu mwaka 1904, karibu kutimiza miaka 28, umri ambao wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha kupanda vyeo. Akaajiriwa na kampuni ya National Cash Register ya mjini Dayton, iliyokuwa ikitengeneza mashine za kuhesabia fedha madukani.

Kazi aliyopewa hapo inaonekana kuwa haina uhusiano wowote na magari. Mashine za fedha wakati huo zilizungushwa kwa mkono, na kampuni ilitaka zizungushwe kwa umeme. Wataalamu walidai kwamba mota ya kufanya kazi hiyo ingekuwa kubwa kuliko mashine yenyewe. Kettering alilitazama jambo kwa upande mwingine. Droo ya fedha haifunguliwi mfululizo kutwa nzima. Hufunguliwa kwa nukta chache, kisha ikapumzika. Mota ndogo inaweza kulazimishwa kubeba mzigo mkubwa kupita kiasi chake, mradi tu isibebeshwe kwa muda mrefu ikaungua. Mwaka 1906 mashine yake ilikuwa tayari.

Mwaka huo huo wa 1906, mnamo Februari 27, Wajerumani waliwanyonga mjini Songea viongozi na wapiganaji wa vita vya Majimaji, na Nduna Songea Mbano naye akauawa. Gari lilikuwa bado kitu cha ajabu katika koloni hili. Mjerumani Paul Graetz alipoondoka Dar es Salaam kwa gari Agosti 1907 akitaka kulivuka bara hadi pwani ya Atlantiki, alifika Swakopmund Mei 1909, karibu miaka miwili baadaye. Mengi ya matatizo yake yalikuwa ya njia, lakini injini za wakati huo nazo zilikuwa viumbe vya kubembelezwa.

Ubovu mkubwa ulikuwa katika cheche. Injini ya petroli huhitaji cheche moja, yenye nguvu, kwa wakati wake hasa. Magari mengi yalitumia magineto, kifaa kilichokamilishwa Ujerumani na kampuni ya Robert Bosch pamoja na fundi wake Gottlob Honold, ambacho hujizalishia umeme kutokana na mzunguko wa injini. Magineto ilikuwa nzuri gari likiwa mwendoni. Wakati wa kuwasha, injini ikizungushwa polepole kwa mkono, cheche yake ilikuwa dhaifu. Magari mengine, yakiwamo ya Ford aina ya Model T, yalitumia koili za kutetemeka, zilizomwaga mvua ya cheche ndogo ndogo bila kujali sana ipi ndiyo itawasha.

Mwaka 1908 na 1909, baada ya saa za kazi na siku za mapumziko, Kettering alikusanyika na vijana wenzake wa kiwandani katika banda lililokuwa nyuma ya nyumba ya mkubwa wake, Edward Deeds, mjini Dayton. Banda hilo lilijengwa kwa ajili ya farasi na magari ya kukokotwa. Humo ndimo walimotengeneza mfumo wa kutumia betri, ambao katika umbo lake la kwanza ulikuwa na betri kavu na swichi ya sumaku iliyohakikisha kwamba kila silinda inapata cheche moja tu, kali, badala ya mvua ya cheche. Henry Leland, mkuu wa kampuni ya Cadillac, aliuona, akaupenda, akaagiza maelfu ya vifaa hivyo kwa ajili ya magari yake ya mwaka 1910. Kettering na Deeds hawakuwa hata na kiwanda. Waliunda kampuni waliyoiita Dayton Engineering Laboratories Company, jina refu ambalo herufi zake za mwanzo zikawa Delco, na mafundi wengi wa umri mkubwa bado wanalikumbuka jina hilo kutoka kwenye betri na stata.

Haifai kusema kwamba Kettering alibuni kila kipande cha distributa. Vifaa vya kugawa umeme kwenye plagi vilikuwepo kabla yake, na pointi pia. Alichokifanya ni kuviunganisha na betri na koili katika mpango mmoja uliofanya kazi bila kubembelezwa, uliouzika, na ambao kwa kiasi kikubwa haukubadilika kwa zaidi ya nusu karne.

Mpango wenyewe unaelezeka kwa urahisi. Betri hutoa volti sita, au 12 katika magari ya baadaye, nguvu isiyotosha hata kidogo kurusha cheche kwenye mwanya wa plagi ndani ya silinda iliyoshindiliwa hewa na mafuta. Umeme huo hupitishwa kwenye koili yenye waya wa namna mbili uliozungushiwa chuma kimoja: wa kwanza mnene wenye mizunguko michache, wa pili mwembamba wenye mizunguko maelfu. Pointi zinapofunga, sumaku hujengeka ndani ya koili. Zinapoachana ghafla, sumaku huanguka, na kuanguka huko huzaa katika waya mwembamba msukumo wa volti zipatazo 20,000. Kondensa iliyo kando huzuia pointi zisiungue. Msukumo huo hupita katika waya wa katikati hadi kwenye kifuniko, huingia kwenye rota inayozunguka, na rota huukabidhi kwenye ncha moja baada ya nyingine.

Hapo ndipo zamu inapoingia. Katika injini ya silinda nne, silinda haziwaki kwa kufuata mstari wa namba zake. Kama zingewaka moja, mbili, tatu, nne, mtingo wa injini ungesukumwa vibaya na mtetemo ungekuwa mkubwa. Injini nyingi za silinda nne zilizo kwenye mstari mmoja, kuanzia Land Rover ya lita 2.25 hadi Peugeot 404 na 504 na Toyota nyingi, huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Volkswagen ya mgongo wa kobe ni 1-4-3-2. Land Cruiser yenye injini ya silinda sita ya 2F ni 1-5-3-6-2-4. Rota hugeuka mara moja wakati mtingo umegeuka mara mbili, na katika mgeuko huo mmoja kila plagi imepata cheche yake.

Kwa hiyo fundi anayeanza na kifuniko kitupu anahitaji kujua mambo matatu: mpangilio wa injini hiyo, mahali ilipo ncha ya silinda ya kwanza, na rota inageukia upande gani. Hilo la tatu ndilo huwaponza wengi. Distributa ya Lucas iliyo kwenye Land Rover ya petroli hugeuka kinyume cha saa, ilhali za Toyota kadhaa zilizozoeleka nchini hugeuka kwa mwelekeo wa saa. Fundi aliyezoea Hilux akipanga waya za Land Rover kwa mazoea, 1-3-4-2 kwa mwelekeo wa saa, atakuwa amepatia waya wa silinda ya kwanza na wa nne, lakini wa pili na wa tatu vitakuwa vimebadilishana. Silinda ya pili na ya tatu pistoni zake hupanda na kushuka pamoja, moja ikiwa inashindilia wakati nyingine inamaliza kutoa moshi na kuanza kuvuta mafuta mapya. Cheche inayokwenda kwa jirani hukuta mlango wa kuingizia mafuta umeanza kufunguka, na moto hurudi nyuma hadi kwenye kabureta. Ndio huo mlipuko unaowafanya wapita njia wageuke.

Njia ya kuepuka balaa hilo ni ya kizee na haihitaji kitabu. Kifuniko kipya hushikwa kando ya kile cha zamani, kikiwa kimeelekezwa upande ule ule, na waya huhamishwa mmoja mmoja, kila mmoja ukikaa kwenye ncha inayolingana na ile ulikotoka. Kifuniko chenyewe kina jino linaloingia kwenye pengo lake, kwa hiyo hakikubali kukaa isipokuwa upande mmoja. Kama waya zimekwisha kuchomolewa zote, plagi ya kwanza hufunguliwa, kidole gumba huziba tundu, injini huzungushwa kwa mkono hadi upepo ukisukume kidole nje, kisha alama ya kwenye puli hulinganishwa. Hapo rota itakuwa inaitazama ncha ya silinda ya kwanza. Waya nyingine hufuata kwa mpangilio, kwa upande ambao rota inakwenda.

Jambo lililomfanya Kettering awe tajiri, hata hivyo, halikuwa cheche bali stata.

Magari ya miaka hiyo yaliwashwa kwa hendeli iliyochomekwa mbele ya injini. Cheche ikija mapema kuliko inavyotakiwa, injini hurudi nyuma kwa nguvu na hendeli humpiga aliyeishika. Mikono na taya vilivunjika. Madereva wa malori waliofanya kazi kusini mwa nchi hii miaka ya nyuma walijua kwamba kidole gumba hakizungushwi upande wa pili wa hendeli, bali hulazwa pamoja na vidole vingine, ili ikirudi itoke mkononi bila kukivunja. Simulizi iliyoenea sana ni ya Byron Carter, mtengenezaji wa magari na rafiki wa Leland, aliyefariki mwaka 1908 baada ya kupigwa na hendeli alipokuwa akimsaidia mwanamke ambaye gari lake lilikuwa limezimika huko Detroit. Simulizi hiyo husema kwamba Leland, kwa uchungu wa kifo hicho, alitaka hendeli iondolewe kwenye magari yake.

Wataalamu wa umeme walimwambia yale yale waliyoyasema kuhusu mashine ya fedha, kwamba mota ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa kama injini. Kettering alikwisha kulijibu hilo miaka mitano nyuma. Gari nalo huwashwa kwa nukta chache tu. Alitengeneza mota ndogo iliyobebeshwa mzigo kupita kiasi kwa muda mfupi, na injini ikishawaka mota hiyo hiyo ikageuka kuwa jenereta ya kuichaji betri, na betri ikawasha taa na kulisha cheche. Gari la majaribio lilikabidhiwa Cadillac Februari 1911, na magari ya mwaka 1912 yakatoka kiwandani yakiwa na mfumo huo. Uingereza iliitunuku Cadillac tuzo ya Dewar kwa ajili yake. Katika miaka michache hendeli ikawa kitu cha akiba kinachowekwa chini ya kiti, na wanawake wengi walioogopa kuvunjwa mikono wakaanza kuendesha wenyewe.

Delco iliuzwa mwaka 1916 na baadaye ikaingia katika kampuni ya General Motors. Kettering alipewa uongozi wa maabara za utafiti za kampuni hiyo, kazi aliyoifanya kuanzia mwaka 1920 hadi alipostaafu 1947. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa ameongoza utengenezaji wa ndege ndogo isiyo na rubani iliyokusudiwa kubeba mabomu, ambayo haikuwahi kutumika vitani. Alipata hati za uvumbuzi 186. Hakuwa mtu wa kufaulu kila mara. Injini yake iliyopozwa kwa hewa na mapezi ya shaba, aliyoipigania ndani ya kampuni kwa miaka kadhaa, iliwekwa kwenye magari ya Chevrolet mwaka 1923, ikawa na kasoro nyingi kiasi kwamba magari hayo yakaitwa yarudishwe. Kettering aliomba kujiuzulu. Alfred Sloan, mkuu wa General Motors, alimzuia.

Jambo ambalo kampuni ilifurahia zaidi ndilo lililokuja kuwa doa la maisha yake, na lilianzia kwenye cheche ile ile. Magari yaliyotumia mfumo wa Delco yalikuwa yakigonga yanapopanda mlima, na wapinzani wa biashara, hasa wenye magineto, walidai kwamba kosa ni la betri ya Kettering. Yeye aliamini kosa lilikuwa katika mafuta, yaliyolipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuungua taratibu. Alimweka kijana mmoja mhandisi, Thomas Midgley, atafute dawa. Walijaribu vitu vingi, ikiwamo pombe itokanayo na mimea, ambayo ilizuia mgongo huo vizuri lakini haikuwa kitu ambacho kampuni moja ingeweza kukimiliki. Desemba 1921 Midgley aligundua kwamba kiasi kidogo sana cha kemikali ya risasi iitwayo tetraethili kiliondoa kabisa kugonga.

Kwamba risasi ni sumu halikuwa jambo jipya. Madaktari walilijua tangu kale. Kemikali hiyo hasa ilikuwa mbaya zaidi, kwani hupita kwenye ngozi na kupanda hadi kwenye ubongo. Mafuta hayo yaliuzwa kwa mara ya kwanza Dayton mwanzoni mwa mwaka 1923, kwa jina la Ethyl, jina ambalo halikutaja risasi hata kidogo. Midgley mwenyewe aliugua sumu hiyo mwaka huo. Agosti 1924 General Motors na Standard Oil ya New Jersey ziliunda kampuni ya pamoja ya kuyauza, na Kettering akawa rais wake.

Haukupita muda mrefu. Oktoba 1924, katika kiwanda cha Standard Oil huko Bayway, New Jersey, wafanyakazi walianza kuchanganyikiwa akili, wakaona vitu visivyokuwepo, wakafungwa kamba hospitalini. Watano walifariki na wengine wengi wakalazwa. Wengine walikuwa wamekufa Dayton, na wengine katika kiwanda cha DuPont huko Deepwater. Mji wa New York ulipiga marufuku mafuta hayo. Mei 1925 mkutano ukaitishwa Washington, ambako Dkt. Alice Hamilton wa Harvard, mtaalamu wa magonjwa ya viwandani, aliyapinga mafuta hayo, na Kettering akasimama kuyatetea kama hitaji la lazima la maendeleo ya magari. Kamati iliyoteuliwa ilifanya uchunguzi wa miezi michache, ikatoa taarifa yake Januari 1926 kwamba hakuna sababu ya kutosha ya kuyazuia, na biashara ikaendelea.

Ni rahisi kusema leo kwamba Kettering hakujua. Hakujua ukubwa wa madhara kwa watoto wa mijini, hilo ni kweli. Vipimo vilivyoyaonyesha vilikuja miongo kadhaa baadaye. Lakini vifo vya Bayway vilikuwa mbele yake, msaidizi wake alikuwa ameugua, na dawa mbadala alikuwa ameijaribu kwa mikono yake mwenyewe. Mtu aliyekataa kuamini wataalamu mara mbili kuhusu ukubwa wa mota, na mara zote mbili akawa sahihi, huenda alizoea mno kudhani kwamba kila anayesema haiwezekani amekosea.

Maabara hiyo hiyo, kwa mkono wa Midgley tena, ilitoa mwishoni mwa miaka ya 1920 gesi ya majokofu iliyokuja kujulikana kama Freon. Haikuua mtu jikoni kama gesi zilizotangulia, lakini ilikutwa baadaye ikiharibu tabaka la ozoni, na mataifa yakakubaliana Montreal mwaka 1987 kuipunguza. Kwa upande mwingine, Kettering ndiye aliyesukuma utafiti wa injini za dizeli nyepesi za mapigo mawili zilizoyaondoa magarimoshi ya mvuke kwenye reli za Marekani kuanzia mwaka 1934.

Mkewe Olive alifariki mwaka 1946. Mwaka mmoja kabla, Sloan na Kettering walikuwa wameanzisha mjini New York taasisi ya utafiti wa saratani inayobeba majina yao yote mawili, Sloan ukiwa mfuko na Kettering akiahidi kuleta mbinu za maabara ya viwanda katika tiba. Taasisi hiyo bado ni miongoni mwa zinazoheshimika duniani kwa ugonjwa huo. Yeye mwenyewe aliendelea kwenda maabara hata baada ya kustaafu, akifanya utafiti wa namna majani ya mimea yanavyotumia mwanga wa jua, hadi alipofariki nyumbani kwake karibu na Dayton, Novemba 25, 1958. Kitongoji alimoishi kilikuwa kimekwisha kupewa jina lake akiwa hai, na chuo cha uhandisi kilichokuwa cha General Motors mjini Flint kikaitwa Chuo Kikuu cha Kettering mwaka 1998.

Mfumo wake wa pointi na kondensa ulianza kuachwa miaka ya 1970, vifaa vya elektroniki vilipochukua kazi ya kukata umeme. Distributa yenyewe ilifuata. Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa sasa kutoka Japani yana koili ndogo juu ya kila plagi, na kompyuta ndiyo inayotoa zamu; hakuna kifuniko cha kubadilisha wala waya za kukosea. Land Rover za mashambani za Ruvuma, zinazobeba mahindi na kahawa kutoka ndani kabisa ambako lami haijafika, zimebaki na distributa zao, na vijana wanaojifunza kwao bado wanawekewa kidole kwenye tundu la plagi ya kwanza.

Risasi ilidumu zaidi. Wakati Kettering anafariki ilikuwa katika petroli karibu kote duniani, Tanganyika ikiwamo, na mafundi waliozoea kukwangua plagi kwa brashi ya waya walikuwa wakikwangua mabaki yake bila kujua. Marekani iliiondoa kwa hatua kuanzia miaka ya 1970 na kuipiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani mwaka 1996. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na kufikia Januari 2006, Tanzania ikiwa miongoni mwao, zilikuwa zimeiacha. Kituo cha mwisho duniani kuuza petroli yenye risasi kwa magari kilikuwa Algeria, ambako akiba ilikwisha Julai 2021, miaka 98 tangu tone la kwanza liuzwe Dayton.